Glavu ya Bill Doak: kabla hujaipaka mafuta

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Columbus, Ohio. Kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu nilinunua glavu ya zamani ya besiboli kwa dola 12. Ina chapa ya Rawlings na sahihi ya Bill Doak kiganjani. Vidole vyake havijaunganishwa kwa kamba. Ngozi imekauka, mikunjo ina unga mweupe, kamba moja ya utando imekatika, na kwenye mkanda wa kifundo mtu ameandika jina lake kwa wino. Jirani yangu anasema niiloweke kwenye mafuta ya kwato za ng'ombe, nivute kamba zote mpya, halafu niiuze kwa maelfu. Nianzie wapi, na inaweza kuwa na thamani gani?

JIBU: Marahaba. Ushauri wa jirani yako unamfaa mtu mwenye glavu ya kuchezea. Kwa glavu ya kuhifadhi au kuuza, mafuta na kamba mpya huua thamani haraka kuliko miaka yenyewe. Hayo maelfu tutayafikia. Mnunuzi wa glavu za zamani analipia vitu ambavyo vikishatoka havirudi: chapa, lebo ya kitambaa, kamba za kiwandani na umbo. Kwa hiyo kila hatua nitakayokupa itaonekana ndogo kuliko unavyotamani kufanya.

Umeshika nini

Bill Doak alikuwa mtupaji wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals, mmoja wa watupaji 17 walioruhusiwa kuendelea kurusha mpira uliopakwa mate baada ya mtindo huo kupigwa marufuku mwaka 1920. Kumbukumbu yake kubwa, hata hivyo, ni glavu. Aliwapelekea Rawlings, kampuni ya mjini humohumo St. Louis, wazo la kutenganisha gumba na kidole cha shahada kisha kuziba pengo hilo kwa mikanda myembamba ya ngozi iliyopishana. Kabla ya hapo glavu ilikuwa kinga tu ya kiganja, na wachezaji walidaka mpira kwa kiganja chenyewe. Utando wa Doak ulileta bonde la kupokelea mpira, na glavu karibu zote zilizofuata zimetokana na wazo hilo. Ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, hataza yake ikatoka mwaka 1922, na Rawlings waliendelea kuuza glavu yenye jina lake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya miaka 20 baada ya Doak mwenyewe kuacha kucheza.

Hapo ndipo ugumu wako ulipo. Jina lililouzwa kwa takriban miaka 30 halikupi tarehe. Doak ya mwaka 1923 na Doak ya mwaka 1948 ni vitu viwili tofauti sokoni.

Vidole visivyounganishwa vinakusaidia kidogo. Kwa kawaida glavu hizo ni za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1940, kwani baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo kufunga vidole kwa kamba kulipoenea. Tarehe ya hataza ikiwa imechapwa kwenye ngozi, isome kama mwanzo tu: inakuambia glavu haikutengenezwa kabla ya hapo, haikuambii ilitengenezwa lini. Wengi hukosea hapa, wanaona 1922 wanatangaza “glavu ya 1922”.

Angalia kifundo. Mkanda unafungwa kwa bizimu ya chuma au kwa kifungo cha kubonyeza? Kwa wakusanyaji, bizimu huvutia zaidi. Angalia lebo ya mgongoni: umbo lake, herufi zake, na kama imeshonwa ukingo wote. Halafu tafuta namba ya modeli. Huwa ndogo, herufi mbili tatu na tarakimu, mara nyingi karibu na kisigino cha glavu, yaani sehemu ya chini ya kiganja karibu na kifundo, au chini ya sahihi. Ukiwa na namba hiyo na picha ya lebo, linganisha na katalogi za Rawlings za miaka ya 1920 hadi 1950, ambazo wakusanyaji wamezipiga picha na kuzisambaza. Namba, lebo na aina ya utando vikikubaliana, unaweza kutaja muongo bila wasiwasi. Mwaka mmoja kamili ni nadra kuthibitika.

Chapa iliyofifia usiisugue wala usiijaze chaki ili isomeke. Zima taa, weka tochi ya simu ubavuni mwa glavu ili mwanga upite sambamba na ngozi, upige picha. Herufi zilizogandamizwa zitatupa kivuli, na mara nyingi zitasomeka hata kama rangi ya fedha au dhahabu iliyokuwa juu yake imeshatoka zote.

Hiyo sahihi ya kiganjani ni chapa ya kiwandani. Kila glavu ya modeli ile ilitoka nayo. Haiongezi thamani ya sahihi halisi, na anayekuuliza kama Doak aliisaini kwa mkono wake umjibu hapana.

Unga mweupe: ujue ni nini kabla ya kuugusa

Unga huo unaweza kuwa mmoja kati ya vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Unaweza kuwa mafuta ya zamani yaliyopanda juu ya ngozi na kuganda, unaweza kuwa ukungu, au chumvi ya jasho.

Chukua draya ya nywele, iweke kwenye joto dogo, umbali wa sentimita 30 hivi, upulize sehemu moja kwa sekunde chache. Unga ukiyeyuka na kupotea ndani ya ngozi, ni mafuta. Hayo hayana madhara makubwa, yapanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba yakiwa bado na uvuguvugu. Usipoyeyuka, angalia kwa kioo cha kukuzia. Ukungu una nyuzinyuzi au vidoa vya mviringo, na huwa na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Chumvi ni chembe ngumu, na huyeyuka ukiigusa kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, ila kwanza fanya jaribio la kidole kikavu lililo hapo chini kwenye Kusafisha.

Ikiwa ni ukungu, ifunge glavu kwenye mfuko na uitenge na vitu vingine vya ngozi nyumbani. Kaisafishie nje, umevaa barakoa, kwa brashi laini ya kupakia rangi, ukifagia kuelekea upande wa upepo unakokwenda. Kisha iache mahali pakavu penye hewa kwa siku mbili au tatu. Jua kali likwepe, litaifanya ngozi ipauke na kupasuka. Mabaki yaguse kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 70, kikiwa na unyevu tu, bila kutiririka, na ujaribu kwanza sehemu iliyofichika kwa sababu spiriti inaweza kung'oa rangi. Chapa usiiguse kabisa kwa spiriti.

Kusafisha

Kabla ya maji yoyote, pitisha kidole kikavu juu ya ngozi. Kidole kikitoka na vumbi la rangi ya matofali, ngozi inaoza. Ugonjwa huu hushika ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti ambayo imeshambuliwa na asidi kwa miaka mingi. Ngozi ya namna hiyo ikipata maji inageuka nyeusi na ngumu palepale, na hakuna wa kuirudisha. Dawa yake ni Klucel G, unga wa selulosi unaoyeyushwa kwenye spiriti isiyo na maji, gramu 2 kwa mililita 100, uache usiku mzima hadi uyeyuke, kisha upake tabaka jembamba kwa brashi. Inashikamanisha nyuzi bila kuongeza maji. Baada ya hapo kazi imeisha: usisugue, usipake mafuta, na usijaribu kuivaa.

Kidole kikitoka safi, endelea. Fagia vumbi kwenye mishono na kati ya vidole. Ukitaka kutumia mashine ya kuvuta vumbi, funga kipande cha chandarua mdomoni mwa bomba na uiwashe kwa nguvu ya chini kabisa, maana kamba kavu huvutika na kukatika. Kisha chukua kisafishaji cha ngozi kisicho na alkali, Lexol wana cha namna hiyo, weka matone machache kwenye kitambaa cheupe cha pamba, siyo kwenye glavu. Panguse eneo dogo, sentimita tano kwa tano, ugeuze kitambaa, uendelee. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya ngozi badala ya uchafu, simama.

Sabuni ya matandiko ya farasi imezoeleka sana Marekani na watu wataisifu mbele yako. Mimi naikwepa kwa glavu za umri huu. Ngozi kwa asili ina asidi kidogo na sabuni hiyo ina alkali, tena inataka maji mengi ili itoke, nayo ikibaki kwenye matundu ya kamba hukausha na kuleta unga mweupe uleule uliokuja kuniuliza.

Kwenye chapa, lebo na wino wa lile jina, zunguka pembeni tu. Rangi ya fedha kwenye chapa ni utando mwembamba sana, na misuguo mitatu minne ya kitambaa chenye unyevu inautoa. Jina la mwenyewe wa zamani liache. Linapunguza bei kiasi, lakini doa la kujaribu kulifuta linapunguza zaidi, na wapo wanunuzi wanaopenda kujua glavu ilikuwa ya mtoto gani wa mtaa gani. Bizimu au vifungo vikiwa na uchafu wa kijani unaoteleza, hiyo ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Ung'oe kwa kijiti cha meno, umalizie kwa kijiti cha pamba kikavu. King'arishio cha chuma usikikaribishe, kitaingia kwenye ngozi na kuacha doa jeupe.

Mafuta

Sasa tuje kwenye karamu ya mafuta ya jirani. Ndani ya glavu hii, kati ya ngozi ya kiganja na bitana, mna sufu iliyogandamizwa. Ukiiloweka, sufu hunywa mafuta na haiyaachii tena. Glavu inakuwa nzito, vidole vinalala, ngozi inakuwa nyeusi hadi chapa inapotea kwa kukosa utofauti wa rangi, na baada ya mwaka au miwili mafuta yanachacha na kuanza kupanda juu kama ule unga tuliouzungumza. Nyuzi za mishono nazo hulegea. Mafuta ya kitani ni mabaya zaidi: yanakauka na kuwa gamba gumu, na glavu zilizopakwa mafuta hayo zamani utazitambua kwa nyufa ndogondogo zinazong'aa. Vaselini, mafuta ya kupikia, dawa ya viatu yenye rangi, vyote vikae mbali.

Kinachofaa ni krimu au kilainishi chepesi cha ngozi. Wakusanyaji wengi hutumia cha Lexol au krimu ya Pecard iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi kuukuu. Nusu kijiko cha chai kwa upande wa kiganja, nusu kwa mgongo. Pakaza kwa vidole vyako, joto la mkono linasaidia, ukianza kwenye mikunjo na kisigino ambako ukavu ni mkubwa. Iache saa 24, pangusa kilichobaki juu. Ngozi ikiwa bado kavu baada ya siku mbili, rudia mara moja kwa kiasi kilekile. Mara ya tatu usiifanye hata kama unaona ingefaa.

Umbo linarudishwa baada ya hapo, ngozi ikiwa imelainika. Viringisha karatasi isiyo na asidi, ingiza kidole kimoja kimoja, usisukume kwa nguvu kwa sababu bitana huchanika kwenye ncha. Weka mpira wa besiboli bondeni, au karatasi iliyokunjwa kwa ukubwa huo ikiwa kiganja kimedhoofika. Ongeza karatasi kidogo kila siku kwa wiki moja. Gazeti usitumie: lina asidi, na wino wake huhamia kwenye bitana. Na mtu asije akakwambia uiweke kwenye tanuri au maikrowevu kama wachezaji wanavyofanya na glavu mpya. Ngozi kuukuu husinyaa kwenye joto ambalo ngozi mpya ingelivumilia, na ikisinyaa hairefuki.

Ile kamba iliyokatika

Utando wa mikanda ndiyo roho ya glavu ya Doak, kwa hiyo hapa nenda polepole. Kwanza jiulize kama kuna haja. Vipande vyote viwili vya kamba vikiwa bado mahali pake na utando haujafumuka, mimi ningeviacha na kumwonyesha mnunuzi picha. Kamba ya kiwandani iliyokatika ina thamani kuliko kamba mpya nzima.

Ikiwa utando umelegea na unaning'inia, badilisha kamba hiyo moja peke yake. Piga picha mbele na nyuma, kila tundu, na uchore njia ya kamba kwenye karatasi ukiweka namba kwa mpangilio wa matundu. Upana upime sehemu ambayo kamba ilijificha chini ya ngozi, kwa kuwa iliyo nje imenyooka na kuwa nyembamba. Kamba za glavu za leo nyingi zina upana wa inchi 3/16, yaani karibu milimita 4.8, na huuzwa kwa urefu wa inchi 72. Kwa glavu za zamani mara nyingi hiyo ni nene mno. Tafuta ya inchi 1/8, kama milimita 3.2, au mpe fundi ngozi aichonge. Kamba nene kwenye tundu la miaka 80 huingia kwa shida na kutoka na kipande cha ngozi.

Chonga ncha ya kamba mpya iwe ndefu na nyembamba, sentimita 4 au 5, uipitishe kwenye sindano ya kamba. Ipake kilainishi kidogo ili iteleze. Toa kamba ya zamani tundu moja, ingiza mpya tundu hilohilo, endelea hivyo, kwa sababu ukiitoa yote mara moja utando hupoteza umbo na utabaki kubahatisha mvutano. Kaza kwa vidole. Koleo itumie tu kushika ncha ya sindano inapotoka, kamwe usiitumie kuvuta kamba. Mvutano uwe sawa na wa kamba za jirani zake zilizolegea kwa uzee. Ukiikaza kama glavu mpya, mzigo wote utahamia kwenye kamba hiyo na matundu yake yatachanika. Kamba ya zamani weka kwenye bahasha, andika imetoka wapi, iende pamoja na glavu siku ya kuuzwa.

Mshono uliofumuka unarudishwa kwa mkono, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta na sindano butu, ukipita kwenye matundu yaleyale. Cherehani itatoboa mapya na kuifanya ngozi ichanike kwenye mstari wa matundu. Gundi kali ya papo hapo nayo hapana: inakuwa ngumu kama kioo, na ngozi inakatika pembeni yake.

Ukimpelekea fundi wa glavu, mwambie kwa maandishi: asipake mafuta, asitie rangi, asibadilishe kamba nyingine, asirudishie chapa kwa kalamu ya dhahabu. Wengi wao ni mafundi hodari wa glavu za kuchezea, na mazoea yao ni kukurudishia kitu laini, cheusi na chenye kamba mpya.

Bei

Mwaka 2022 glavu iliyotumiwa na Babe Ruth, nguli wa besiboli, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Habari za namna hiyo ndizo zinazowapa majirani ndoto. Ile ilitumiwa na Ruth mwenyewe uwanjani, na ilikuwa na ushahidi. Yako ni glavu ya dukani yenye jina la mchezaji, na hizo zinapimwa kwa mizani nyingine.

Wakusanyaji huangalia hali kwanza, halafu jina, halafu modeli. Doak hayumo kwenye Ukumbi wa Watukufu wa besiboli kule Cooperstown, kwa hiyo jina lake peke yake halipandishi bei. Kinachoipandisha ni nafasi ya glavu yake katika historia ya mchezo. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa nyingi mno. Ikiwa yako ni ya miaka ya 1930 au 1940, ikiwa kavu, na kamba moja mbovu na jina la wino, tegemea makumi ya dola, siyo maelfu. Ikiwa chapa inasomeka vizuri, lebo ni nzima na umbo limerudi, inaweza kupita mia moja. Ikithibitika ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, yenye bizimu na mikanda ya awali, hapo unazungumza na mnada wa vitu vya michezo kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Na boksi la asili, hasa lenye picha ya mchezaji, linaweza kuwa na thamani kuliko glavu iliyomo ndani; ukipita tena kwenye mauzo yale, uliza.

Mkono nao una hesabu yake. Glavu huvaliwa mkono usiorusha mpira, na wengi hurusha kwa kulia, kwa hiyo glavu ya kawaida huingia mkono wa kushoto. Yako ikiingia mkono wa kulia, wanunuzi hupungua. Isipokuwa jina ni la mchezaji aliyekuwa akirusha kwa kushoto, kama Lou Gehrig au Stan Musial, hapo hesabu inageuka. Doak alirusha kwa kulia.

Bei anazotaja muuzaji kwenye tangazo zisikupoteze. Ndani ya eBay kuna chujio la vitu vilivyokwisha kuuzwa. Humo ndimo penye bei halisi. Tafuta modeli yako, chukua mauzo matano au sita ya miezi ya karibuni, ondoa la juu kabisa na la chini kabisa, halafu ulinganishe picha, kwa sababu neno “nzuri sana” kila muuzaji analitumia apendavyo.

Ukiuza, piga picha ya kiganja, mgongo, lebo, chapa kwa mwanga wa ubavuni, utando, kisigino, bitana na kasoro zote, jina la wino likiwemo. Taja kamba uliyobadilisha. Ukiamua kubaki nayo, iweke kwenye chumba mnachoishi, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55. Chumba cha chini ya ardhi cha nyumba za Ohio kina unyevu wakati wa kiangazi na ukungu utarudi, na darini kuna joto. Boksi la karatasi isiyo na asidi linatosha. Mfuko wa plastiki uliofungwa hapana, ngozi ikifungiwa na unyevu wake huota ukungu bila wewe kuona.